Shamba la Anathothi: Jinsi ya kupima ahadi za Mungu

Ni vigumu kusafiri mwendo mrefu hapa nchini bila kukutana na maneno ya nabii Yeremia. Yamebandikwa kwenye vioo vya matatu, yakapigwa chapa kwenye kalenda za makanisa, yakaandikwa kwa rangi kwenye kuta za vibanda vya mboga na ndani ya kadi za kuwatakia watahiniwa heri. Ni mstari wa 11 wa sura ya 29 ya kitabu chake, ambamo Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anawakusudia mema na kwamba mbele yao kuna matumaini.

Katika taifa ambalo sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wake ni Wakristo, si ajabu mstari huo kupendwa kiasi hicho. La ajabu ni kuwa mstari wa 10, unaoutangulia hatua moja tu, haubandikwi popote. Huo unasema kwamba ahadi yenyewe itatimizwa baada ya miaka 70.

Swali ambalo waumini wengi hujiuliza, hasa wale waliokesha wakiomba kwa miaka na mikaka bila kuona jibu, ni je, ahadi za Mungu ni za kutegemewa kweli? Wapo ambao wameona aibu kuliuliza kanisani kwa kuchelea kuitwa wenye imani haba. Hata hivyo, swali hilo ni halali, na kitabu cha Yeremia ni mojawapo ya mahali ambapo Biblia yenyewe inalikabili bila kupepesa macho.

Tuanze na barua. Mnamo mwaka wa 597 kabla ya Kristo (K.K.), Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuteka mji wa Yerusalemu na kumchukua mateka Mfalme Yekonia, mamake mfalme, wakuu wa Yuda, mafundi na wahunzi. Hayo si masimulizi ya Biblia pekee. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Babeli, na ambavyo maandishi yake yalichapishwa mwaka 1939, vinamtaja mfalme huyo wa Yuda pamoja na wanawe miongoni mwa watu waliokuwa wakipewa posho ya mafuta huko uhamishoni. Yeremia, aliyebaki Yerusalemu, aliwaandikia mateka hao na barua ikapelekwa na wajumbe wawili, Elasa na Gemaria, waliotumwa Babeli na Sedekia, mfalme aliyetawazwa badala ya Yekonia.

Hesabu yake ni nyepesi. Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka wa 539 K.K. na mwaka uliofuata akawaruhusu Wayahudi kurejea kwao. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 40 alipochukuliwa mateka angekuwa anakaribia kutimiza karne moja wakati huo. Kwa maneno mengine, wengi wa watu wazima walioisikia barua hiyo ikisomwa walizikwa katika ardhi ya kigeni. Ahadi ilikuwa ya watu wao, nao waliipokea kwa niaba ya watoto na wajukuu.

(Wasomi hutofautiana kuhusu namna ya kuihesabu ile miaka 70. Baadhi huanzia mwaka wa 605 K.K., Babeli ilipoanza kuitawala Yuda, na kufikia karibu miaka 70 hadi wakati wa Koreshi. Wengine huanzia kuteketezwa kwa hekalu mwaka wa 586 K.K. na kuishia kukamilika kwa hekalu jipya mwaka wa 516 K.K. Kwa vyovyote vile, haikuwa ahadi ya wiki ijayo.)

Na je, wale waliopewa ahadi hiyo waliagizwa wafanye nini wakingoja? Hawakuambiwa wafunge milango wakae wakitazama mbingu. Barua inawataka wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, tena wauombee amani mji uo huo uliowateka. Maagizo hayo yanatangulia ahadi katika barua hiyo, nayo huachwa nje kila mstari wa 11 unapokatwa na kuwekwa kwenye fremu.

Wakati Yeremia akihubiri miaka 70, alikuwako nabii mwenzake, Hanania mwana wa Azuri, mzaliwa wa Gibeoni, aliyekuwa na habari tamu zaidi. Yeye alitangaza hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu vingerudishwa, Mfalme Yekonia angerudi na mateka wote pamoja naye. Alizungumza kwa jina la Mungu yule yule na kwa ufasaha ule ule. Ili kuonyesha ana hakika, aliitwaa nira ya mti ambayo Yeremia alikuwa ameivaa shingoni kama ishara, akaivunja vipande.

Mtu angetarajia Yeremia ang'ake. Badala yake alisema amina, akitamani kweli mambo yawe hivyo, kisha akaeleza kuwa nabii anayetabiri amani hujulikana pale neno lake linapotimia, akajiendea zake. Baadaye ndipo alipopewa ujumbe wa kumjibu mwenzake: kwamba amewatumainisha watu kwa uongo na kwamba angefariki kabla ya mwaka huo kwisha. Hanania alikuwa ametabiri mwezi wa tano. Alifariki mwezi wa saba.

Akina Hanania wa leo tunawajua. Hutoa ahadi zenye tarehe: gari kabla ya Krismasi, mume ndani ya siku 21, visa kabla ya mwezi kuisha. Mara nyingi ahadi hizo huambatana na nambari ya simu ambayo muumini anapaswa kuitumia pesa ili "kupanda mbegu". Mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara hutoa mtaji wake wote kwa matumaini kuwa utamrudia mara mia. Usipomrudia, huambiwa tatizo ni imani yake.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria na aliyefariki mwaka wa 430, aliwahi kufundisha jambo linalolingana na methali hiyo. Alisema kuwa Mungu amekubali kuwa mdeni wetu, lakini si kwa sababu alipokea chochote kutoka kwetu. Amekuwa mdeni kwa kuahidi tu. Fundisho hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, linatosha kuibomoa biashara nzima ya mbegu. Binadamu hawezi kumkopesha Mungu ili baadaye amdai. Kama kuna deni, ni lile alilojitwika mwenyewe kwa hiari yake, na masharti yake ni yale aliyoyatamka yeye, si yale aliyoyatunga mhubiri jukwaani.

Gharama ya kuchanganya mambo hayo mawili si pesa tu. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, polisi walianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Idadi ilipanda hadi ikapita 400, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Kwa mujibu wa upande wa mashtaka, waumini hao walihimizwa kufunga kula na kunywa hadi wafe ili wakutane na Yesu. Kwa mizani ya Biblia yenyewe, ahadi waliyopewa haikuwa na msingi, kwa maana hakuna mahali Kristo anapomtaka mzazi amnyime mwanawe chakula. Alipoulizia habari ya mtoto anayemwomba babake mkate, Yesu alichukulia kuwa hata mzazi mwovu hawezi kumpa jiwe.

Hapa lugha yetu inatupa msaada. Maneno amini, imani, amana, uaminifu na amina yametokana na shina moja la Kisemiti linalopatikana katika Kiarabu na katika Kiebrania pia, na maana yake ya asili ni kuwa imara, kuwa kitu cha kuegemewa. Amana ni mali unayoiweka kwa mtu kwa sababu unajua hatakimbia nayo. Kwa hivyo, kumwamini Mungu kwa maana hiyo si kukaza macho na kujilazimisha kuhisi jambo fulani moyoni. Ni kumkabidhi kitu mtu ambaye tabia yake unaijua. Uzito wote umo katika tabia ya anayekabidhiwa. Ndiyo maana mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, alipotaka kueleza kwa nini ahadi aliyopewa Ibrahimu ni thabiti, hakuizungumzia imani ya Ibrahimu kwanza. Alisema kwamba Mungu, kwa kuwa hakuna aliye mkuu kumzidi ambaye angeapa kwa jina lake, aliapa kwa nafsi yake mwenyewe.

Sasa turejee kwa Yeremia, miaka michache baada ya ile barua, tuone mtu anayeweka amana yake.

Ni mwaka wa kumi wa kutawala kwa Sedekia. Majeshi ya Babeli yameuzingira mji, njaa imeanza kuuma, na nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi ndani ya jumba la mfalme kwa kosa la kutabiri kuwa mji utatekwa. Katika hali hiyo anatembelewa na binamuye, Hanameli mwana wa Shalumu, aliye na shamba la kuuza. Shamba lenyewe liko Anathothi, kijiji cha akina Yeremia katika nchi ya Benyamini, mwendo wa kilomita chache tu kaskazini mashariki mwa Yerusalemu.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa uchungu wa kununua shamba lenye matatizo. Anajua habari za hati bandia, za ploti iliyouzwa kwa watu watatu, za ardhi ambayo mnunuzi akifika anakuta tayari ina mtu. Shamba la Hanameli lilishinda hayo yote. Lilikuwa katika eneo lililokwisha kuwa mikononi mwa adui, karibu na mji uliokuwa ukingoja kuanguka, na mnunuzi wake alikuwa mfungwa aliyesema hadharani kuwa nchi nzima itachukuliwa. Kama kuna mtu aliyejua kuwa bei ya ardhi itaporomoka, ni yeye.

Yeremia alilinunua. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 25, ilimpa jamaa wa karibu jukumu la kukomboa ardhi ya ndugu aliyeishiwa, naye alitimiza jukumu hilo hatua kwa hatua. Alipima fedha katika mizani, shekeli 17, ambazo ni karibu gramu 200 za fedha. Akaandika hati na kuitia muhuri. Akaita mashahidi nao wakatia sahihi. Hati zilikuwa mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri ili isichezewe na nyingine iliyoachwa wazi ili isomwe. Zote alimkabidhi karani wake, Baruku mwana wa Neria, mbele ya watu waliokuwa wameketi uwanjani humo, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Halafu akatangaza ujumbe wenyewe: ipo siku watu watanunua tena nyumba, mashamba na mizabibu katika nchi hiyo.

Utaratibu huo haukuwa mchezo wa kuigiza. Mafunjo ya Wayahudi walioishi Elephantine nchini Misri katika karne ya tano K.K. yanaonyesha kuwa hati za mali zilikunjwa, zikafungwa kwa uzi na kutiwa muhuri wa udongo. Kuhusu chombo cha udongo, hati za kale zilizoanza kupatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zilithibitisha kwamba maandishi yaliyowekwa mitungini yanaweza kudumu karibu miaka 2,000. Yeremia alijua alichokuwa akifanya. Hakuna anayeweka hati kwenye mtungi kwa ajili ya mwezi ujao.

Mji ulianguka. Hekalu liliteketezwa. Yeremia aliponea chupuchupu, akabaki na masalio ya watu nchini, lakini baadaye kundi lililoongozwa na Yohanani mwana wa Karea lilitorokea Misri likamchukua yeye na Baruku. Hapo ndipo habari zake zinapokatika katika Biblia. Shamba alilolipia hakulilima hata siku moja.

Ahadi ilifeli, basi? Jibu limo katika mahali ambapo wasomaji wengi huruka, yaani orodha za majina. Kitabu cha Ezra sura ya pili kinataja jamaa zilizorudi kutoka Babeli baada ya amri ya Koreshi, kijiji kwa kijiji, idadi kwa idadi. Mstari wa 23 unasema kuwa watu wa Anathothi walikuwa 128. Orodha hiyo inarudiwa katika kitabu cha Nehemia, sura ya saba, kwa idadi iyo hiyo. Hakuna tarumbeta wala maelezo. Ni karani tu aliyeandika kwamba wanaume 128 wamerudi kwenye kijiji ambacho mfungwa mmoja alinunua shamba miongo mitano hivi kabla yake.

Amri yenyewe ya Koreshi ina ushahidi wa kando unaostahili kutajwa kwa uangalifu. Kuna gogo dogo la udongo lililopatikana Babeli mwaka 1879, ambalo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, na ambalo humsifu Koreshi kwa kurudisha miungu na watu katika makao yao. Halimtaji Myahudi yeyote, na wahubiri wanaodai kuwa linawataja wanalitwika mzigo lisioubeba. Linachoonyesha ni kuwa sera ya namna hiyo ilikuwapo.

Kuna pingamizi hapa, tena zito. Yaweza kuulizwa: je, wale waliokufa kabla ya mwaka wa 538 K.K. walifaidi nini? Mama aliyefariki Babeli akimwombea mwanawe arudi nyumbani alipata nini? Agano la Kale pekee halilijibu swali hilo kikamilifu. Waraka kwa Waebrania sura ya 11 unakiri bayana kuwa mashujaa wa imani walikufa bila kupokea yale waliyoahidiwa, ila waliyaona kwa mbali. Jibu la Kikristo limejengwa juu ya ufufuo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa ahadi zote za Mungu, ziwe nyingi vipi, zimepata Ndiyo yake katika Kristo. Maana yake ni kuwa kifo si mwisho wa muda wa kulipa deni. Anayekataa ufufuo ana haki ya kuona kuwa yule mama alidhulumiwa. Anayeukubali hawezi tena kuipima ahadi kwa urefu wa maisha ya mtu mmoja.

Pwani yetu ina mfano wake. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, aliwasili Mombasa mwaka 1844. Ilipofika Julai mwaka huo, mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walikuwa wamefariki. Walizikwa bara, upande wa Nyali, na Krapf akawaandikia waliomtuma kuwa kaburi hilo ni dalili kwamba kazi imeanza. Ni katika mwaka huo huo alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kitabu ambamo Ibrahimu, aliyeahidiwa nchi nzima, anaishia kununua kiwanja kimoja tu cha kumzikia mkewe Sara.

Yeye na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo Rabai mwaka 1846. Krapf aliondoka mwaka 1853 akiwa mgonjwa. Rebmann alikaa hadi 1875, akaondoka akiwa amepofuka. Kwa miaka yote hiyo, waliobatizwa walikuwa wachache mno, na mhasibu yeyote angeshauri kituo kifungwe. Mwaka ule ule Rebmann alipoondoka ndipo makao ya watumwa walioachwa huru yalipoanzishwa Frere Town, upande ule ule wa bara alikozikwa Rosina, na kanisa likapata watu.

Hayo yote yana maana gani kwa anayengoja leo? Kwanza, ni vyema achunguze ni nini hasa alichoahidiwa. Kristo aliwaahidi wanafunzi wake kuwa angekuwa pamoja nao siku zote, na kwamba anayemjia hatafukuzwa. Katika usiku wa mwisho kabla ya kusulubiwa aliwaambia pia kuwa ulimwenguni wangepata dhiki. Hiyo nayo ni ahadi, na imetimia kwa ukamilifu ambao hakuna anayeukanusha. Hakuahidi kila mgonjwa atapona kabla ya kifo wala kila mfanyabiashara atafaulu.

Pili, kungoja hakumwondolei mtu wajibu wake. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha dawa kabla ya kumaliza miezi sita kwa kuwa ameombewa hamwonyeshi Mungu imani kubwa zaidi. Anaipa maradhi nafasi ya kurudi yakiwa sugu, na kuihatarisha familia yake. Vivyo hivyo kwa anayeacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Mateka wa Babeli waliambiwa wapande bustani, na bustani haistawi kwa maombi pekee.

Tatu, anaruhusiwa kushangaa. Hili husahaulika sana. Baada ya Baruku kukabidhiwa hati, Yeremia aliomba, na ombi lake limehifadhiwa katika sura ya 32. Anaanza kwa kumsifu Muumba wa mbingu na nchi. Anakumbuka kutoka kwa Waisraeli Misri. Kisha anafika mahali ambapo sauti inabadilika: maboma ya adui ndiyo haya, njaa na tauni ndiyo hii, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, nawe unaniambia ninunue shamba kwa fedha na kuita mashahidi! Fedha ilikuwa imekwisha kupimwa na muhuri umekwisha kupigwa alipoyasema hayo. Alitii kwanza, halafu akauliza.

Wala hakukemewa. Alijibiwa kwa swali, kama kuna neno lolote lililo gumu asiloliweza Mungu, kisha akaelezwa kwa urefu kuwa mji utachomwa kweli na kwamba watu watarudishwa kweli. Kuhusu yeye mwenyewe na shekeli zake 17 hakuambiwa lolote. Alirudi kuketi katika uwanja wa walinzi, akila mkate mmoja kwa siku kutoka mtaa wa waokaji hadi mkate ulipokwisha mjini. Kile chombo cha udongo Baruku alikihifadhi wapi, Biblia haisemi.